Maradhi ya Cheche katika Injini ya Ndege Ndogo

Mtu anayepita kando ya uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, mapema asubuhi, akisimama kidogo atasikia jambo moja lifanywalo na ndege ndogo za petroli kabla ya kuruka. Ndege hujikokota mpaka karibu na mwanzo wa njia ya kurukia, kisha husimama. Injini hunguruma, lakini magurudumu hayaendi. Halafu mngurumo hushuka kidogo, kisha hupanda. Hushuka mara ya pili, hupanda tena. Baada ya hapo ndipo ndege huingia njiani na kwenda zake. Watazamaji wengi hudhani ya kuwa rubani anaipasha injini moto, au anangoja ruhusa. Hayo nayo huwapo. Lakini kule kushuka mara mbili kuna sababu yake: rubani amezima kwa makusudi nusu ya cheche za injini yake ili aone kama nusu iliyobaki ni nzima, kisha amebadili, akaijaribu nusu ya pili.

Wenye mashine za kusaga mahindi, pampu za maji au pikipiki wanaijua vema kazi ya cheche. Petroli na hewa huingia ndani ya silinda, pistoni huvibana, plagi hutoa cheche, mchanganyiko huwaka, na nguvu ya mwako huisukuma pistoni. Cheche ikikosa, mashine husimama, na mwenyewe huketi chini ya mti, akaitoa plagi, akaifuta kwa kitambaa na kujaribu tena. Lakini katika futi elfu kumi juu ya Bonde la Ufa hakuna mti wa kukaa chini yake. Kwa ajili hiyo watengenezaji wa injini za ndege waliamua tangu zamani kwamba kila silinda ipewe plagi mbili badala ya moja, na kila kundi la plagi liwe na mtambo wake wa kuzalisha umeme. Mtambo huo huitwa magneto. Injini ya silinda nne ina magneto mbili, nyaya nane na plagi nane. Magneto moja ikifa, ya pili huendelea, na ndege hufika.

Mpango huo si wa jana. Ndugu wawili Wright wa Marekani walipopaa mwaka 1903, injini yao haikuwa na plagi kama za leo. Cheche ilitokea pale vipande viwili vya chuma vilipoachana ndani ya silinda. Lakini mwaka 1902, huko Stuttgart, Ujerumani, mhandisi Gottlob Honold wa kiwanda cha Robert Bosch alikuwa amekwisha kutengeneza magneto ya umeme wa nguvu nyingi pamoja na plagi yake, na mtindo huo ndio uliokuja kuenea. Bibi Florence Kerr Wilson alipoanzisha kampuni ya Wilson Airways hapa Nairobi mwaka 1929, alianza na ndege ya Gipsy Moth, yenye silinda nne na magneto mbili. Fundi wa siku zile akifufuka leo na kufunguliwa kifuniko cha injini ya Lycoming iliyomo katika ndege nyingi za Cessna na Piper, atastaajabia mambo mengi, lakini magneto atazitambua mara moja kama mtu anavyomtambua jirani wa zamani.

Magneto ni ndugu wa dainamo ya baiskeli. Dainamo haihitaji betri. Gurudumu likizunguka, taa huwaka. Magneto nayo huzungushwa na gia za injini yenyewe. Ndani yake mna sumaku inayozunguka karibu na koili ya nyaya nyembamba, na pointi ndogo mbili za chuma zinazofunguka na kufunga. Pointi zikifunguka kwa wakati wake, umeme wa nguvu ndogo uliomo katika koili hukatika ghafla, na kukatika huko huzaa umeme wa volti maelfu kadhaa, unaoweza kuruka pengo la plagi. Kisha kigawanya umeme, ambacho mafundi wa magari hukiita distributa, hupeleka cheche kwa silinda inayohusika. Rafadha ikizunguka mara 2,400 kwa dakika, kila silinda huwaka mara 1,200, yaani mara ishirini kwa kila nukta ya saa. Kila magneto ya injini ya silinda nne basi hutoa cheche 4,800 kwa dakika, na kila moja lazima itokee mahali pake na kwa wakati wake.

Kwa kuwa haitegemei betri, ndege yaweza kuendelea kuruka hata kama umeme wote wa taa na redio umekufa. Hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Ila sifa hiyo ina upande wa pili. Gari la kawaida huzimwa kwa kukata umeme. Magneto haina umeme wa kukatwa. Huzimwa kwa kuunganishwa. Waya mmoja hutoka katika magneto mpaka kwenye swichi ya rubani, na swichi ikigeuzwa kuzima, waya huo hugusanishwa na mwili wa injini, umeme ukapotelea huko badala ya kwenda kwenye plagi. Msomaji na aliweke jambo hili akilini, maana tutalirudia, nalo limepata kuua watu.

Sasa kile kipimo cha asubuhi. Rubani huipandisha injini hadi mizunguko kama 1,800 kwa dakika, akageuza swichi kwenye magneto moja peke yake. Kwa kuwa sasa kila silinda inawashwa na plagi moja, moto hutambaa polepole zaidi, na mizunguko hupungua. Kwa injini nyingi za Lycoming za namna hii, kiwanda huruhusu ipungue hadi 175, tena tofauti baina ya magneto mbili isizidi 50. Lakini kitabu cha ndege yenyewe ndicho chenye neno la mwisho, kwa kuwa ndege hazilingani. Zaidi ya tarakimu, rubani husikiliza. Je, imeshuka taratibu, ikaendelea kunguruma sawasawa? Au imeshuka huku ikitetemeka na kukohoa? Maswali hayo mawili yana majibu tofauti kabisa, na rubani asiyeyatofautisha humsumbua fundi wake bure.

Tuchukue mfano wa siku moja ya kazi. Uwanja wo wote wa nyanda za juu utafaa. Ndege ya viti vinne imepangwa kwenda Marsabit na abiria watatu. Rubani amefanya kipimo, na magneto ya kushoto imeshuka mizunguko 260. Amerudi mbele ya banda la mafundi, ameizima injini, na uso wake si wa furaha.

"Fundi, magneto ya kushoto imekufa," asema. "Una nyingine stoo?"

"Pole, Kapteni," mzee ajibu, akifuta mikono. "Labda imekufa, labda ni nzima. Ilishuka taratibu au kwa kutetemeka?"

"Ilitetemeka kama gari la ng'ombe juu ya mawe."

"Basi tusianze na magneto. Ulipunguza petroli kabla ya kupima?"

Rubani hakupunguza. Swali hilo si la kumwaibisha. Uwanja wa Wilson uko zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari, na Eldoret uko juu zaidi. Hewa ya Nairobi ina shinikizo kama sehemu nne katika tano za ile ya Mombasa, lakini kabureta haina akili ya kujua hivyo. Mkono wa petroli ukiachwa mbele kabisa, injini hunyweshwa petroli kupita kiasi. Petroli isiyoungua vizuri huacha masizi juu ya plagi. Tena, kwa miaka mingi petroli ya ndege ndogo imetiwa madini ya risasi ili isilipuke kabla ya wakati wake. Injini ikikaa chini muda mrefu, ikizunguka polepole na plagi zikiwa baridi, risasi hiyo haiendi yote na moshi. Hugandamana katika plagi kama punje ndogo za rangi ya kijivu, na punje moja ikiziba lile pengo, umeme hupita humo kimya kimya bila kutoa cheche. Plagi za chini ndizo huumia zaidi, kwa sababu silinda za injini hizi zimelala ubavu na mafuta huteremkia huko.

Kwa hiyo dawa ya kwanza haihitaji spana. Rubani huipandisha injini tena hadi mizunguko kama 2,000, akapunguza petroli mpaka injini ingurume vizuri, akaiacha hivyo kwa dakika moja au mbili huku akiangalia geji za joto. Plagi hupata moto, na uchafu mwingi huungua. Kisha kipimo hurudiwa. Mara nyingi sana mambo huishia hapo, na magneto iliyotaka kuvunjwa huonekana kuwa haina kosa.

Siku ile hayakuishia hapo. Kipimo cha pili kilitoa 240, na ule mtetemeko ulikuwa pale pale. Abiria mmoja alitazama saa yake. Rubani akasema kwa sauti ya chini kwamba magneto ya kulia ni nzima, na injini ina nguvu ya kutosha. Neno hilo husemwa katika viwanja vingi, na ni la hatari kwa kuwa ni la kweli nusu. Ni kweli kwamba injini ingeruka. Kwa magneto zote mbili ingenguruma vizuri, na hakuna abiria ambaye angetambua lo lote. Magneto ya pili iliwekwa ili ndege ifike ikiwa ya kwanza itakufa angani. Haikuwekwa ili safari ianzwe na moja. Anayeondoka na maradhi ya upande mmoja ameondoka na injini ya mashine ya kusaga. Mzee hakubishana. Alisema tu, "Kapteni, wape wageni chai," na kijana wake akaanza kufungua kifuniko.

Lililofuata ndilo sehemu ya kazi inayopendeza kuliko zote. Katika plagi nne zilizo chini ya magneto ya kushoto, ipi haitoi moto? Fundi mvivu huzitoa zote, akazisafisha zote, akazirudisha zote; pengine injini itapona, lakini hatajua ilikuwa na nini, na wiki ijayo ugonjwa utarudi. Mzee aliacha injini ipoe kabisa. Kisha iliwashwa, ikaendeshwa kwa magneto ya kushoto peke yake kwa muda mfupi, ikazimwa. Injini hizi hupozwa kwa upepo, na silinda zake zote ziko wazi. Silinda inayowaka hupata joto upesi; isiyowaka hubaki baridi. Wazee walikuwa wakipaka nta kidogo juu ya mabomba ya moshi: penye moto huyeyuka, pasipo moto hukaa. Siku hizi kuna kipima joto cha mkononi kinachosoma bila kugusa. Kijana alikipitisha, silinda kwa silinda, kama mchungaji ahesabuye ng'ombe. Ya kwanza moto, ya pili moto, ya nne moto. Ya tatu ilikuwa baridi.

Mzee aliufuata waya kwa kidole kutoka kwenye magneto hadi kwenye plagi. Hakubahatisha, maana mara nyingi magneto moja hulisha plagi za juu za upande mmoja na za chini za upande mwingine. Waya ulimfikisha kwenye plagi ya chini ya silinda ya tatu. Kijana akaitoa, na ilikuwa nyeusi, imelowa mafuta.

"Mzee, mwizi tumemkamata!" akasema.

"Mwanangu, tumemkamata mtu aliye karibu na mlango uliovunjwa. Tusimfunge bado."

Na hapa ndipo wengi hukosea. Plagi chafu yaweza kuwa chanzo cha cheche kukosa. Yaweza pia kuwa imechafuka kwa sababu haipati umeme. Plagi isiyowaka haipati joto la kujisafisha, nayo hulowa. Kuitazama tu hakutoshi. Kipimo ni kuhamisha kitu kimoja, na kimoja tu. Plagi ya silinda ya tatu, baada ya kufutwa, ilitiwa katika silinda ya kwanza, na ya kwanza ikatiwa katika ya tatu. Nyaya hazikuguswa ila kufunguliwa na kufungwa. Injini ikapozwa, ikawashwa tena kwa magneto ya kushoto. Kama baridi ingehamia silinda ya kwanza, plagi ingekuwa na hatia. Baridi ilibaki kwenye silinda ya tatu.

Basi plagi ilikuwa imesingiziwa. Ilibaki waya, au kigawanya umeme ndani ya magneto. Hata hapo mzee hakukimbilia magneto, kwa sababu waya uko nje na ni rahisi kuukagua, na magneto iko ndani na ni ghali. Alifungua ncha ya waya inayoingia katika plagi, akakipangusa kile kipande cheupe cha kuzuia umeme, akakigeuza penye jua. Palikuwa na mstari mweusi, mwembamba kama unywele, kutoka juu hadi chini. Unyevu wa mvua uliingia siku moja, cheche ikapita juu yake, ikachora njia yake ya kaboni. Na umeme, kama maji ya mfereji, ukiisha kupata njia rahisi hauiachi. Badala ya kuruka pengo ndani ya silinda, ulikuwa ukitambaa juu ya mstari huo na kupotelea katika chuma.

Waya mwingine ukafungwa, na plagi zote nane, kwa kuwa kifuniko kilikuwa wazi, zikakaguliwa. Nyuzi zake hutiwa mafuta maalumu kidogo tu, yasifike kwenye ncha; pete ya shaba hubadilishwa; nazo hukazwa kwa spana yenye kipimo, si kwa nguvu za bega. Upinzani wa umeme ndani ya plagi hupimwa, na ikizidi omu 5,000, mafundi wengi huitupa. Kijana alipoangusha moja sakafuni, mzee aliiokota na kuitia katika pipa la taka bila kusema neno, ingawa haikuwa na alama yo yote. Kauri iliyopasuka ndani haionekani kwa macho, na bei ya plagi moja haifanani na bei ya kuitumaini.

Kipimo cha alasiri kilitoa 90 kushoto na 80 kulia, bila mtetemeko.

Hayo ndiyo maradhi ya mtetemeko, ambayo kwa kawaida ni ya plagi au waya mmoja. Injini ikishuka sana lakini ikabaki laini, habari ni nyingine: silinda zote zinawaka, ila zinawaka kwa wakati usiofaa. Injini nyingi za Lycoming zimepangiwa cheche itokee digrii 25 kabla pistoni haijafika juu kabisa. Nyingine digrii 20, na bamba la injini huonyesha. Ndani ya magneto, kipande kidogo kinachofungua pointi huliwa na msuguano. Kikiliwa, pointi hufunguka kwa kuchelewa, na cheche huchelewa. Hapo fundi huunga kifaa chenye taa mbili kwenye magneto, akaizungusha rafadha polepole kwa tahadhari zote mpaka alama zikutane, na taa humwambia ni lini hasa pointi zimeachana. Mara nyingi kulegeza magneto na kuigeuza kidogo hutosha. Ikizidi hapo, hutolewa na kufunguliwa; na hata isipougua, watengenezaji huagiza ikaguliwe ndani kila baada ya saa 500 za kazi.

Kwenye kuwasha injini, magneto nayo ina hila yake. Starta huizungusha rafadha polepole mno, na sumaku iendayo polepole haitoi cheche ya maana. Kwa hiyo magneto moja au zote mbili hupewa springi inayojivuta na kufyatuka, ikaizungusha sumaku ghafla na kuichelewesha cheche mpaka pistoni iwe juu. Ndiyo ile "ta! ta!" isikikayo rafadha ikigeuzwa. Sauti hiyo ikikosekana, au injini ikipiga teke kwa nyuma wakati wa kuwashwa, fundi aanze kutafuta huko, wala asiilaumu betri kwanza.

Sasa turudi kwenye ule waya wa kuzimia. Rubani akipima, na magneto moja isishuke hata mzunguko mmoja, hufurahi. Imeshuka mizunguko 80 kulia, asema, na kushoto sifuri. Magneto ya ajabu! Lakini injini isiyoshuka kabisa ndiyo ya kuogopwa zaidi. Pengine cheche zinatangulia mno, na injini itapata joto la kupita kiasi. Au, jambo linalotokea zaidi, waya wa kuzimia umekatika. Rubani amegeuza swichi azime magneto moja, nayo haikuzimika. Anadhani anasikiliza moja, kumbe anasikiliza mbili.

Ubaya wake uko chini, baada ya safari. Injini husimama kwa sababu rubani amekata petroli. Swichi imezimwa, ufunguo uko mfukoni, kila mtu amekwenda kula. Magneto iko hai. Humo ndani ya silinda mwaweza kubaki mvuke wa petroli. Kisha mtu asiye na kosa, labda mwenye kuiosha ndege, labda mtoto wa jirani wa kiwanja cha shamba, anaisukuma rafadha ili apate nafasi ya kupita. Ile springi inafyatuka. Mzunguko mmoja wa rafadha hauhitaji zaidi ya cheche moja, na hautoi nafasi ya kuondoa mkono. Ajali za namna hii zimetokea katika nchi nyingi, nazo huandikwa kwa maneno karibu yale yale: ilidhaniwa kuwa imezimwa.

Kwa hiyo rubani waangalifu, kabla ya kukata petroli, huishusha injini hadi mwendo wake wa chini kabisa, wakageuza swichi kwenye kuzima kwa nukta moja, wakairudisha. Injini ikinyamaza katika nukta hiyo, nyaya zote mbili za kuzimia ni nzima. Ikiendelea, rafadha hutiwa kitambaa chekundu na watu wote huambiwa. Na hata ikiwa ni nzima, fundi aliyelelewa vizuri huishika rafadha kila siku kama vile iko hai, hasimami katika njia yake, wala hamwachi mgeni aiguse ili apigwe picha.

Angani nako kuna jambo la kushangaza kidogo. Magneto yaweza kuharibika vibaya kuliko kufa. Gia ya kigawanya umeme ikivunjika meno, cheche hupelekwa kwa silinda isiyo zamu yake, na magneto nzima hushindana na iliyo gonjwa, injini ikatikisika kana kwamba itang'oka. Rubani asiyejua hufikiri kuwa injini yote imekwisha. Anayejua hujaribu moja, kisha nyingine. Na akiizima ile mbaya, injini hutulia, na hutafuta uwanja wa karibu kwa magneto moja. Ndege zipaazo juu sana zina shida ya pili: hewa nyembamba haizuii umeme vizuri, na cheche huweza kuruka ndani ya magneto yenyewe. Baadhi yake hupulizwa hewa ya shinikizo ndani kwa sababu hiyo, na hapo mafundi hulazimika kuangalia unyevu.

Siku hizi ndege kadhaa zimeondolewa magneto moja na kupewa mtambo wa kielektroniki, na kuna injini mpya, kama Rotax za Austria, ambazo hazina pointi kabisa. Hata hizo zina plagi mbili kwa silinda, na hata hizo hupimwa upande mmoja mmoja kabla ya kuruka.

Makarani watafurahi kusikia kwamba kifaa bora kuliko vyote katika kazi hii ni daftari. Rubani akiandika "sawa" kila asubuhi, hajaandika kitu. Akiandika tarakimu, 70, 75, 80, 95, 120, bado kila moja iko ndani ya sheria, lakini zikisomwa kwa safu moja zinaonyesha magneto inayokwenda kuugua, na fundi aweza kuiita ndani kabla ya safari ya mbali, kwa siku aitakayo yeye.

Ile ndege ya Marsabit haikuondoka mara tu baada ya kipimo cha alasiri. Koili yenye ufa hufanya kazi ikiwa baridi na hukataa ikiisha kupata moto, kwa hiyo mzee alimwomba rubani aizungushe hewani juu ya uwanja kwa nusu saa, bila abiria, kisha apime tena injini ikiwa moto. Tarakimu zilikuwa 95 na 80. Mzee akaandika katika kitabu cha injini: waya wa plagi ya chini, silinda ya tatu, umebadilishwa; plagi moja mpya; waya za kuzimia zimejaribiwa, nzima. Akatia sahihi. Jua lilikuwa limeshuka. Abiria wakaambiwa waje kesho saa kumi na mbili unusu.